Presha isiyoshuka na ateri ya figo iliyobana: nani apimwe, apimwe nini, na stenti ina maana lini

#1 Kando_ya_Wodi

Wakuu, salaam. Kila uzi wa presha humu hufika mahali mtu anaandika "kapime figo", na mjadala unaishia hapo. Kreatinini (taka ya damu inayopimwa kujua figo zinavyochuja) na kipimo cha mkojo havioni mshipa. Mtu anaweza kuwa na kreatinini nzuri kabisa huku ateri ya figo moja imebana kwa asilimia 80, kwa sababu figo ya pili inabeba mzigo wote. Uzi huu ni wa ateri hiyo tu. Wenye taaluma karibuni mrekebishe na kuongeza.

Nianze na namna mshipa wa figo unavyopandisha presha ya mwili mzima, maana bila hapo dawa hazieleweki.

Figo mbili hupokea karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kwa dakika. Kwenye mlango wa kila kichujio kuna seli zinazopima msukumo wa damu inayofika. Ateri ikibana, msukumo unaofika kwenye seli hizo hupungua hata kama mkononi mashine inasoma 180. Figo ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa: inalalamika maji hayatoki, haijui kwamba tangi limejaa na tatizo ni bomba lake. Malalamiko ya figo ni kimeng'enya kiitwacho renini.

Renini hukata protini inayotengenezwa na ini, inapatikana anjiotensini I, ambayo ikipita hasa kwenye mapafu hugeuzwa kuwa anjiotensini II. Hiyo ndiyo yenye nguvu. Inabana mishipa mwili mzima, na inaamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, ambayo hubakiza chumvi na maji na kumwaga potasiamu kwenye mkojo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hawa potasiamu yao iko chini kabla hata hawajameza dawa ya kukojoza.

Renini yenyewe iligunduliwa mwaka 1898 na Tigerstedt na Bergman kule Sweden, ikasahaulika miaka mingi. Mwaka 1934 Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, akabana ateri za figo za mbwa kwa kibanio cha chuma na presha zao zikapanda zikabaki juu. Mpaka leo wataalamu wanatofautisha "figo mbili, kibanio kimoja" na "figo moja, kibanio kimoja", na tofauti hiyo si ya vitabuni tu:

Figo moja ikibana na nyingine ikiwa nzima, ile nzima inaona presha kubwa na kumwaga chumvi na maji kwa nguvu. Mwili haujazi maji, renini inabaki juu, na presha inaendeshwa na anjiotensini. Zikibana zote mbili, au mtu ana figo moja tu na ndiyo iliyobana, hakuna wa kumwaga. Maji yanajaa, renini inashuka kuelekea kawaida, na presha sasa inaendeshwa na ujazo. Huyu wa pili ndiye anayeamka saa nane usiku mapafu yamejaa maji ghafla, wakati moyo ukipimwa unasukuma vizuri tu.

#2 Ngwale

Mkuu, somo zuri. Sasa kati ya wagonjwa mia wa presha, wenye tatizo hili ni wangapi? Isije ikawa tunatuma watu wote CT.

#3 Kando_ya_Wodi

Ni wachache. Kwa wagonjwa wa presha kwa ujumla, makadirio yanayotumika ni asilimia 1 hadi 5. Wengi waliobaki wana presha ya juu isiyo na chanzo kimoja. Idadi hupanda kwa wale wenye presha sugu, wazee wavutaji sigara, na wenye mishipa ya miguu au ya moyo iliyoziba. Kwa hiyo hatupimi kila mtu. Dalili zinazonifanya mimi niandike fomu ya kipimo ni hizi:

Presha iliyoanza kabla ya miaka 30 bila unene wala historia ya familia. Presha kali iliyoibuka baada ya miaka 55, au iliyokuwa imetulia miaka yote kisha ikalipuka ndani ya miezi. Presha isiyoshuka kwa dawa tatu za dozi kamili, moja ikiwa ya kukojoza. Kreatinini kupanda zaidi ya asilimia 30 baada ya kuanzishiwa dawa za jamii ya enalapril au losartan. Figo moja fupi kuliko nyingine kwa zaidi ya sentimita 1.5 kwenye altrasaundi ya kawaida. Mapafu kujaa maji ghafla zaidi ya mara moja bila sababu ya moyo.

Na mvumo, yaani sauti ya damu inayopita kwenye mbano. Mgonjwa alale chali, tumbo limelegea, weka stetoskopu juu kidogo ya kitovu, pembeni kushoto na kulia, bonyeza kwa upole na sikiliza kwa subira. Mvumo unaosikika moyo unapokaza na unapolegea pia una uzito zaidi. Usiposikika haumaanishi chochote, wengi hawana.

#4 CO_Bondeni

Kabla ya kumwita mtu "presha sugu" tafadhali hakikisheni ni sugu kweli. Nusu ya kazi iko hapa na wengi tunairuka.

Kifungio cha mkono: mkono mnene ukifungwa kifungio cha kawaida, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Mpira wa ndani unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Mgonjwa akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini isipandane, mkono umewekwa usawa wa moyo, kibofu hakijajaa. Pima mara mbili kwa tofauti ya dakika moja. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili na baadaye utumie ule uliosoma juu.

Nyumbani: asubuhi kabla ya dawa na jioni, vipimo viwili viwili, siku 7. Futa siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Wastani wa 135/85 au zaidi ndio presha kwa vipimo vya nyumbani, siyo 140/90 ya kliniki.

Kisha uliza anameza nini kingine. Diclofenac na ibuprofen za kila siku kwa ajili ya magoti ndizo ninazozishuku kwanza. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, vidonge vya mafua vya kuzibua pua, prednisolone, miraa, na chai za mitishamba zenye mzizi wa likorisi. Huu wa mwisho ni mjanja: unapandisha presha na kushusha potasiamu, yaani unaiga ugonjwa tunaoujadili hapa. Na swali la aibu ambalo lazima liulizwe bila kumfokea mtu: dawa unazimeza zote kila siku, au unazigawa ili zifike mwisho wa mwezi?

#5 mfamasia_wa_kona

CO umemaliza kila kitu kwenye aya ya mwisho. Naongeza: "dawa tatu" za watu wengi ni dawa tatu kwa jina tu. Amlodipine 5, losartan 25 na HCT (hydrochlorothiazide, ya kukojoza) 12.5 ni dozi za kuanzia. Kabla ya kumpeleka mtu kwenye mashine ya laki kadhaa, amlodipine ifike 10, losartan ifike 100 kama figo na potasiamu vinaruhusu, na ya kukojoza iwe ya uzito: chlorthalidone 12.5 hadi 25 au indapamide 1.5 ya kuachilia taratibu. Furosemide mara moja kwa siku si dawa ya presha kwa mtu mwenye figo nzima. Inakojoza masaa sita, kisha figo zinarudisha chumvi yote.

#6 Sono_Ziwa

Nafanya altrasaundi, niseme upande wetu kwa sababu fomu zinazokuja zimeandikwa "abdominopelvic, presha" na mgonjwa ametoka kula wali.

Altrasaundi ya kawaida inapima urefu wa figo. Figo ya mtu mzima huwa sentimita 9 hadi 12. Ikiwa moja ni 11 na nyingine ni 8.5, hapo pana habari. Lakini mtiririko wa damu hauonekani mpaka ufanye Doppler ya ateri za figo, na hicho ni kipimo kingine chenye bei nyingine na muda mwingine: nusu saa mpaka saa nzima. Ukiona kimefanyika kwa dakika tano, hakijafanyika.

Maandalizi: asile masaa 6 hadi 8, maji kidogo ya kumezea dawa yanaruhusiwa, asitafune bigijii wala asinywe soda kwa sababu hewa tumboni ndiyo adui namba moja. Asubuhi mapema ni bora. Dawa za presha asiache.

Ninachofanya: natafuta aota kwanza (ateri kuu inayotoka moyoni), napima kasi ya damu humo. Kisha nafuata kila ateri ya figo tangu inapochipuka kwenye aota, katikati, hadi inapoingia figo, nikihakikisha pembe ya wimbi haizidi nyuzi 60. Ukizidisha pembe, kasi inadanganya na unampa mtu ugonjwa asionao. Kasi ya juu ya kawaida huwa chini ya sentimita 150 hivi kwa sekunde. Ikifika 180 hadi 200 na zaidi, nashuku mbano wa asilimia 60 au zaidi. Nagawanya kasi hiyo kwa kasi ya aota: uwiano ukizidi 3.5 shaka inakuwa nzito.

Halafu naingia ndani ya figo yenyewe. Nyuma ya mbano, wimbi la damu linapanda kivivu, kilele kimelala. Muda wa kupanda ukizidi sekunde 0.07, kuna kizuizi mbele hata kama ateri yenyewe sikuiona vizuri kwa sababu ya gesi. Hapo pia napata faharasa ya ukinzani, namba inayoonyesha damu inavyozuiwa ndani ya figo. Ikiwa 0.8 na zaidi, nyama ya figo yenyewe imeshachakaa na kuifungulia mshipa huenda kusisaidie sana.

Panapokosewa: watu wengi, karibu robo au zaidi, wana ateri zaidi ya moja upande mmoja. Ukiiona kubwa ikiwa safi ukafunga faili, ile ndogo iliyobana inabaki inapiga kelele. Mgonjwa mnene au anayehema haraka pia ni mgumu. Ripoti ya mkweli inaandika "ateri ya kushoto haikuonekana vizuri", haiandiki "kawaida". Mpimaji yeyote wa Doppler atakayesema anaona zote kwa kila mtu, muombe akuonyeshe picha.

#7 Ngwale

Na CT je? Kuna mtu kaniambia dawa yake inaua figo.

#8 Kando_ya_Wodi

CT ya mishipa inaonyesha ateri vizuri sana, hata zile za ziada. Inahitaji mililita 70 hadi 100 za dawa ya kung'arisha yenye ayodini. Kwa mtu mwenye eGFR (kadirio la uwezo wa figo kuchuja) nzuri hatari ni ndogo kuliko inavyovumishwa. Chini ya 30 ndipo unafikiri mara mbili, unamwongezea maji kwa mshipa, unasimamisha diclofenac na dawa ya kukojoza siku hiyo kama hali inaruhusu, na unarudia kreatinini baada ya siku 2 hadi 3. Anayetumia metformin mwenye eGFR chini ya 30 aisimamishe masaa 48 na aanze tena baada ya kreatinini kuthibitishwa.

MRI ni mbadala, ila huwa inatia chumvi: mbano wa asilimia 50 unaweza kuonekana wa 70. Na gadolinia (dawa ya kung'arisha ya MRI) za aina ya zamani kwa mtu mwenye figo zilizochoka sana zinaweza kuleta ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa, kwa hiyo muulizeni mtaalamu anatumia aina ipi.

Kipimo cha mwisho ni katheta kuingizwa mpaka kwenye ateri na kupiga picha hapo hapo. Faida yake ni kwamba unapima pia msukumo kabla na baada ya mbano. Tofauti ya milimita 20 za zebaki ni mbano wenye maana. Picha pekee inadanganya, mimi naiamini namba hii kuliko picha.

Kupima renini ya damu peke yake hakusaidii kuthibitisha. Inasaidia kwenye jambo jingine: potasiamu chini, presha juu, renini chini sana na aldosteroni juu, huyo ana tatizo la tezi ya juu ya figo, ambalo ni la kawaida kuliko mbano wa ateri. Msilisahau.

#9 Mwanaharusi_Dayalisisi

Wapendwa, mbona mnaongea kama ateri zote zinabanwa na kitu kimoja? Matibabu yanatofautiana kabisa kulingana na chanzo.

Karibu asilimia 90 ni mafuta na chokaa kwenye ukuta wa mshipa, pale mwanzoni kabisa inapotoka kwenye aota. Hawa ni watu wa miaka 50 kwenda juu, wavutaji, wenye sukari, wenye kolesteroli. Hawana ugonjwa wa figo tu, wana ugonjwa wa mishipa mwili mzima, na kitakachowaua mara nyingi ni moyo au kiharusi.

Kundi la pili ni wanawake vijana na wa makamo, wembamba, hawavuti. Ukuta wa ateri umeota nyuzi vibaya, katikati na mwisho wa ateri, na kwenye picha unaonekana kama tasbihi: umebana, umetuna, umebana, umetuna. Huitwa displasia ya faibromaskula, kwa kifupi FMD. Akigundulika, apigwe picha pia mishipa ya shingo na kichwa, kwa sababu huko nako inaweza kuwepo pamoja na uvimbe wa mshipa unaoweza kupasuka.

Kundi la tatu tusilisahau: uvimbe wa kuta za mishipa mikubwa uitwao Takayasu, alioueleza daktari wa macho Mikito Takayasu mwaka 1908. Mara nyingi ni msichana au mwanamke chini ya miaka 40, homa za mara kwa mara, uchovu, kupungua uzito, mikono inachoka akifua au akisuka nywele. Mapigo ya kifundo cha mkono mmoja ni hafifu au hayapo. Hapa kuna mtego mbaya: mshipa wa mkono ukiwa umeziba, presha ya mkono inasoma 100/60 wakati kwenye ubongo na moyo ni 200. Ukikuta mikono inatofautiana sana, au mapigo hayashikiki, pima presha ya paja. Na kwa mtoto au kijana yeyote mwenye presha, shika mapigo ya kinena sambamba na ya mkono. Yakichelewa au yakikosekana, aota yenyewe inaweza kuwa imebana.

Watoto: mbano wa ateri za figo hutajwa kuwa chanzo cha asilimia 5 hadi 10 ya presha zao. Mtoto mwenye madoa mengi ya rangi ya chai ya maziwa kwenye ngozi aangaliwe kwa jicho hilo.

Na waliopandikizwa figo, ambao sasa wapo hata kwetu. Muhimbili walianza mwaka 2017. Presha ikipanda miezi kadhaa baada ya upandikizaji na kreatinini inapanda nayo, Doppler ya figo mpya isisubiri.

#10 Kisiki_cha_Mpingo

Basi si wawekewe stenti (kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa ubaki wazi) wote, mshipa ukifunguka presha inaisha? Naona mnazunguka.

#11 Kando_ya_Wodi

Mkuu Kisiki, hilo ndilo lililoaminika miaka mingi, na lilionekana la maana. Daktari Grüntzig alipanua ateri ya figo kwa puto mwaka 1978, presha ikashuka, na dunia nzima ikakimbilia huko. Kisha zikaja tafiti za kulinganisha.

Utafiti wa ASTRAL, mwaka 2009, wagonjwa 806: nusu dawa pekee, nusu dawa na stenti. Hakukuwa na tofauti ya maana kwenye figo, presha, moyo wala vifo. Waliofunguliwa, 23 walipata madhara makubwa, wakiwemo wawili waliofariki na watatu waliokatwa vidole au viungo. Utafiti wa CORAL, mwaka 2014, wagonjwa 947 wenye mbano wa mafuta: matukio ya moyo, kiharusi, figo kufa na vifo yalikuwa asilimia 35.1 kwa stenti na 35.8 kwa dawa. Namba ya juu ya presha ilitofautiana kwa milimita 2 hivi.

Sababu ni mbili. Kwanza, kuona mbano na presha kwa mtu mmoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Mzee mwenye presha ya miaka 20 anaweza kuota mbano juu ya presha aliyokuwa nayo. Pili, figo iliyokosa damu miaka mingi inakuwa na makovu ndani, na kufungua mlango hakufuti kovu.

Lakini msizitumie tafiti hizo kama rungu. Wagonjwa wabaya zaidi hawakuingizwa kwa wingi, kwa sababu madaktari wao hawakuwa na shaka kwamba wanahitaji kufunguliwa. Hao ndio ambao bado tunawapeleka: mapafu yanayojaa ghafla mara kwa mara huku figo zote mbili zimebana; presha inayokataa dawa nne au tano za dozi kamili; figo zinazoporomoka haraka ndani ya miezi, hasa mbano ukiwa pande zote au kwenye figo pekee; na mwenye moyo dhaifu anayehitaji enalapril au losartan lakini kila akiguswa nazo kreatinini inaruka. Figo yenyewe iwe bado hai: urefu zaidi ya sentimita 8 hivi, protini si nyingi kwenye mkojo. Figo ya sentimita 6.5 iachwe. Wakati mwingine inatolewa kabisa, ikiwa haichuji kitu na bado inamwaga renini.

FMD ni habari nyingine. Hapo ni puto bila stenti, na kadiri mgonjwa alivyo kijana na presha yake ilivyo mpya, ndivyo uwezekano wa kuacha dawa kabisa ulivyo mkubwa. Stenti huwekwa tu mshipa ukichanika. Takayasu haiguswi kwa puto wakati uvimbe umechachamaa, ESR na CRP (vipimo vya damu vya uvimbe) ziko juu. Kwanza steroidi na wenzake, la sivyo mshipa unabana tena.

#12 mfamasia_wa_kona

Sasa hapa penye utata mkubwa: losartan na enalapril. Nimeona watu wakiambiwa "ukiwa na mbano wa figo dawa hizi ni sumu". Wengine wanaambiwa ndizo dawa bora. Zote mbili ni kweli, inategemea pande.

Kichujio cha figo kina mshipa wa kuingilia na wa kutokea. Damu ikiingia kwa udhaifu, anjiotensini II inabana ule wa kutokea ili msukumo ndani ya kichujio ubaki. Enalapril na losartan zinaulegeza. Figo iliyobana inapoteza msukumo huo na kuchuja kunashuka. Kama figo ya pili ni nzima, inafidia na presha inashuka vizuri sana, kwa sababu umepiga chanzo chenyewe. Kama zote zimebana, au iko moja, kuchuja kunaweza kusimama ndani ya siku chache.

Kwa hiyo utaratibu: pima kreatinini na potasiamu kabla. Anza kidogo, enalapril 2.5 au losartan 25. Rudia vipimo baada ya wiki 1 hadi 2, na kila dozi inapopandishwa. Kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 na kutulia, endelea. Mfano: ilikuwa 95, sasa 118. Hiyo ni asilimia 24, usiogope, rudia tena baada ya wiki mbili. Ilikuwa 95, sasa 140: asilimia 47, simamisha, angalia kama amepungukiwa maji au anameza diclofenac, na kama hakuna, tafuta mbano. Habari njema ni kwamba ukiigundua mapema na kusimamisha, kwa kawaida figo inarudi. Potasiamu ikizidi 5.5 punguza au simamisha. Ikifika 6 mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apigwe ECG.

Angalieni vipimo vya maabara: moja inaandika mikromoli, nyingine miligramu kwa desilita. 1.0 ya miligramu ni mikromoli 88. Kuna watu wametoka "1.1" wakaenda maabara nyingine wakakuta "97" wakalia.

Na akiharisha, akitapika, au akishindwa kula na kunywa kwa siku nzima, asimamishe kwa muda losartan au enalapril, ya kukojoza na metformin mpaka anywe na kula kawaida masaa 24 hadi 48. Losartan, HCT na diclofenac kwa pamoja kwa mtu aliyekauka maji ndio mchanganyiko unaoangusha figo nyingi kuliko mbano wenyewe.

#13 Mwanaharusi_Dayalisisi

Ongeza kwa herufi kubwa, mfamasia: WANAWAKE WANAOWEZA KUSHIKA MIMBA. Enalapril, losartan na ndugu zao zinaharibu figo za mtoto tumboni, na statini (dawa za kolesteroli) nazo kwa kawaida husimamishwa. Wagonjwa wa FMD na Takayasu ni wa umri huo huo. Akipanga mimba abadilishiwe mapema, methyldopa, nifedipine ya kuachilia taratibu au labetalol. Asisubiri kliniki ya kwanza ya wajawazito ya wiki ya 16.

#14 CO_Bondeni

Kwa hiyo kwa mzee wa mbano wa mafuta upande mmoja, nikiandika: losartan yenye ufuatiliaji, amlodipine 10, chlorthalidone, atorvastatin 40 hadi 80, aspirini ndogo kama hana kidonda cha tumbo, sukari idhibitiwe, sigara iishe. Nimekosea?

#15 Kando_ya_Wodi

Hujakosea. Hiyo ndiyo tiba, na ndiyo iliyoshindana sare na stenti kwenye CORAL. Kama presha bado, ya nne iwe spironolactone 25 ukichunga potasiamu, au bisoprolol ambayo inapunguza pia utoaji wa renini. Doppler irudiwe kila mwaka hivi kuangalia urefu wa figo. Ikipungua zaidi ya sentimita moja, fikirieni upya.

#16 Sono_Ziwa

Ombi kwa wanaoandika rufaa. Fomu isiseme "presha, Doppler". Iseme: umri, dawa na dozi zake zote, kreatinini ya kabla na ya sasa na tarehe, potasiamu, presha ya mikono yote miwili, urefu wa figo kama ulishapimwa, na swali lenyewe: "mbano wa ateri ya figo, pande zote?" Nikijua swali, natafuta ateri za ziada.

#17 Ngwale

Swali la mwisho wakuu. Aliyewekewa stenti tayari, nyumbani aangaliwe nini?

#18 Mwanaharusi_Dayalisisi

Siku ya kwanza, pale palipochomwa. Kama ni kinena, alale mguu umenyooka masaa 4 hadi 6 au kama timu ilivyoagiza. Uvimbe unaokua, au maumivu makali ya mgongo na ubavu huku presha ikishuka, ni damu inayovuja ndani, arudi hospitali mara moja. Presha inaweza kushuka haraka baada ya mshipa kufunguka, kwa hiyo dawa za zamani zote zisirudishwe kwa mazoea. Ipimwe mara mbili kwa siku wiki ya kwanza na akisikia kizunguzungu akisimama apige simu kabla ya dozi inayofuata.

Vidole vya miguu vikiwa vya bluu na kuuma huku mapigo ya mguu yanashikika vizuri, na kreatinini inapanda wiki chache baadaye, hizo ni chembe za kolesteroli zilizomeguka kwenye aota. Hazisubiri miadi.

Aspirini pamoja na clopidogrel kwa kawaida angalau mwezi mmoja, kisha aspirini iendelee. Asiache kwa sababu ya kung'oa jino bila kumuuliza aliyemwekea. Kreatinini baada ya siku chache na baada ya mwezi. Doppler mwezi wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili, kwa sababu stenti kati ya 10 na 20 katika kila 100 hubana tena, wengi wao ndani ya mwaka.

#19 Sono_Ziwa

Na mwambieni mpimaji kwamba kuna stenti, aina na kipenyo chake kama kiko kwenye kadi. Ndani ya chuma damu hukimbia zaidi hata stenti ikiwa wazi, kwa hiyo 200 ya kwenye stenti si 200 ya kwenye ateri tupu. Ripoti ya mwezi wa kwanza ndiyo ya kulinganishia zote zinazofuata, itunzeni.